Kabla ya Kumpeleka Mzee Kaboya na Kyaka

Askari aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, leo anakaribia 70, na waliokuwa makamanda wake, wale walio hai, wengi wamevuka 80. Mzee akishasema anataka kwenda kuwaona wenzake waliozikwa Kaboya, msimwambie asubiri likizo ya mwakani. Pangeni sasa, lakini pangeni kwa mwendo wake.

Anzeni na njia. Makaburi ya mashujaa ya Kaboya yako Wilaya ya Muleba, kusini mwa Bukoba. Kyaka, penye daraja la Mto Kagera ambalo wavamizi walilivunja ili jeshi letu lisivuke, iko upande mwingine kabisa, barabara ya kwenda Mutukula, mpakani na Uganda. Bukoba mjini inabaki katikati. Mkitaka kufika kote kwa siku moja, nendeni Kaboya asubuhi akiwa bado na nguvu, rudini mjini mchana ale ndizi zake kwa utulivu na ajinyooshe kitandani kama saa moja, kisha ndiyo Kyaka. Vijana wa nyumbani watataka kuongeza Mutukula kwa sababu "tumeshakaribia". Mutukula iongezwe tu kama yeye mwenyewe ameomba. Na kama afya inaruhusu sehemu moja peke yake, iwe Kaboya. Anayetoka Mwanza kwa meli huwa amesafiri usiku kucha, kwa hiyo siku ya kushuka ni ya kulala, asipelekwe popote.

Kaboya iko chini ya jeshi, haiingiwi kama bustani ya mji. Wasilianeni mapema kupitia ofisi ya wilaya au chama cha askari wastaafu kilicho karibu nanyi, mpate ruhusa na mjue mtapokelewa na nani. Mzee abebe kitambulisho chake cha taifa na karatasi za utumishi kama bado anazo. Ulizeni pia kuhusu picha kabla hamjatoa simu mfukoni. Kuhusu mavazi, suti au kaunda suti yenye nishani zake kifuani inatosha na inapendeza. Kombati la zamani libaki sandukuni, na wajukuu wasivae suruali za mabaka ya kijeshi: sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na langoni si mahali pa kubishania jambo hilo.

Sasa majina. Pale wamelala askari zaidi ya 600. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kupita mstari hadi mstari akisoma jiwe moja moja juani. Wiki moja kabla, kaa naye na daftari, umwombe ataje anaotaka kuwaona: jina kamili kadiri anavyolikumbuka, kikosi, alikotoka, na alikoangukia. Mara nyingi atakuwa na jina la utani tu, lile la kambini, na itabidi apigiwe simu mwenzake wa Tabora au Songea alikumbuke lile la kwenye orodha. Simu hiyo pekee inaweza kuchukua jioni nzima, na iacheni ichukue. Halafu tumeni majina kwa mwenyeji wenu huko ili makaburi yatafutwe kabla hamjafika. Mbebe kiti cha kukunja. Akifika kwa mtu wake atataka kukaa, na kaburini hakuna benchi litakalokuwa pale hasa anapopahitaji.

Kuna hatari moja ambayo familia nyingi haziioni, nayo ni maji. Mzee anayetumia dawa za presha zinazomfanya aende haja ndogo kila mara anajua barabarani vyoo ni vya kubahatisha. Kwa hiyo asubuhi ya safari anaruka dawa kimyakimya na hanywi hata kikombe cha chai. Ikifika saa sita ana kizunguzungu, na ninyi mnadhani ni uchungu wa kumbukumbu. Zungumza naye waziwazi siku kadhaa kabla, mwanamume kwa mwanamume kama ndivyo atakavyojisikia huru. Mwulizeni daktari wake kama saa ya kumeza dawa hiyo inaweza kusogezwa siku hiyo, msijiamulie. Kisha mwambieni dereva, mbele ya mzee, kwamba gari litasimama kila baada ya saa moja, aseme asiseme. Hapo hatalazimika kuomba. Mwenye kisukari awe na glukosi na biskuti mkononi, zisiwe kwenye buti la gari. Dawa za siku mbili, kadi ya bima, koti la mvua, basi.

Tarehe nayo ina uzito wake. Siku ya Mashujaa ni 25 Julai, na sherehe hizo zina gwaride, mkuki na ngao, viongozi, na kusimama kwingi. Kwa mzee mwenye nguvu ni heshima kubwa. Kwa asiyeweza, siku ya kawaida ni bora mara kumi: hakuna wa kumharakisha. Epukeni Machi hadi Mei, Kagera mvua yake haina mzaha.

Msaidizi awe mmoja, na kazi yake iwe mzee tu. Asiwe pia ndiye mpiga picha na mweka mafuta. Msimwekee kamera usoni na kumwambia "babu, tusimulie". Wengine husimulia toka getini hadi Bukoba, wengine wanapiga saluti na hawasemi neno. Pale Kyaka, mlimani kwenye magofu ya kanisa lililopigwa mabomu, kuna wanaokataa hata kushuka garini. Asilazimishwe.

Usiku wake huenda asilale vizuri, kwa hiyo mtu alale chumba kimoja naye au cha jirani, mlango ukiwa haujakomewa. Tiketi ya kurudi ikatwe ya keshokutwa.