Somo: Zana za sayansi kutoka mtandaoni, kwa mwalimu ambaye darasa lake halina mtandao

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Fizikia katika sekondari ya kata upande wa Sengerema. Mwaka juzi nilifungua video ya umeme mbele ya Kidato cha Pili, bando likakata katikati, wanafunzi sitini wakabaki wananitazama. Tangu siku hiyo sitegemei mtandao ndani ya kipindi. Napakua Jumamosi nikivuka kwenda mjini Mwanza, najaribu nyumbani, ndipo naingia nacho darasani.

Hatua ya 1: Anza na makosa ya wanafunzi

Wengi wetu tunakimbilia video. Mimi nawasihi muanzie tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Mbali na matokeo, Baraza huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na yake. Humo mna swali, namna watahiniwa walivyolifanya, na picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa mwanafunzi, zuri na baya, na maelezo ya mahali alipopotea. Ni dhahabu iliyolala bure. Pakua za miaka mitatu, soma mada moja tu, andika kosa linalojirudia.

Nikiwauliza wanafunzi wangu, wengi wanaamini kwamba balbu ya kwanza "inakula" mkondo wa umeme, kwa hiyo ya pili inapata mabaki. Kosa kama hilo ndilo linaloniambia nitafute nini mtandaoni. Bila hilo utajaza simu vitu usivyovitumia.

Hatua ya 2: Pakua simulesheni moja

Simulesheni ni jaribio la kuigiza unalolichezea kwenye skrini. Nenda PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliuanzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Simulesheni zake ni bure. Chagua zilizoandikwa HTML5, maana zile za zamani za Java na Flash zinasumbua kwenye simu. Bonyeza alama ya kupakua, utapata faili moja linalofunguka kwenye kompyuta kwa kivinjari cha kawaida, bila bando.

Kwa kosa la balbu, fungua ile ya kujenga sakiti. Unga balbu mbili kwa mfuatano, weka ammita (kipima mkondo) kabla ya balbu ya kwanza, kisha katikati, kisha baada ya ya pili. Namba ni ileile pote. Waache wabishane kwanza kabla hujawaonyesha ammita. Ubishi huo ndio somo.

Hatua ya 3: Vitabu

Vya kiada vipo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unasoma bure. Siyavula ya Afrika Kusini ina vitabu vizuri vya Fizikia na Kemia vyenye mazoezi mengi. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice ni vya chuo, vinamfaa mwalimu mwenyewe na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita.

Hatua ya 4: Kama shule ina kompyuta hata moja

Weka Kiwix, inayosoma Wikipedia nzima ikiwa imehifadhiwa kwenye diski. Ukiwa na muda zaidi weka Kolibri: kompyuta moja inakuwa kama maktaba, wanafunzi wanaunganisha simu au tableti kwa waifai ya ndani bila intaneti. Kuipakia mara ya kwanza kunakula bando kubwa, kwa hiyo tafuta mahali penye mtandao wa uhakika.

Hatua ya 5: Pima ulichopakua dhidi ya ziwa letu

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Karibu kila video itakuambia maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Chemsha maji Mwanza uone: kipimajoto kitasimama karibu na 96. Wanafunzi wangu walisema kipimajoto ni kibovu, na mmoja alitaka kuandika 100 ili "apate sawa". Nilimzuia. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, kanieneo (presha) yake ni karibu milimita 663 za zebaki badala ya 760, na maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ya hewa. Hata Boulder walikotengenezea PhET, maji huchemka chini ya 96, maana mji huo uko juu kuliko Mwanza. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hataisahau maana ya kuchemka.

Maswali ya walimu wenzangu

*Mwalimu wa Baiolojia, Nansio:* Wabeja sana, mwalimu. Sisi wa Baiolojia simulesheni ni chache. Tufanyeje?

Mwalimu, wewe umezungukwa na maabara. Kwa mtandao wa chakula (nani anamla nani) tumia sangara: alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na spishi nyingi za furu (samaki wadogo wa ziwani) zikatoweka. Kwa vimelea, tovuti ya CDC ya Marekani iitwayo DPDx ina mchoro safi wa mzunguko wa maisha wa kichocho, unaweza kuuchapa. Ila usiwatume watoto majini kuokota konokono. Lava wa kichocho hupenya ngozi.

*Madam wa Kemia, Igoma:* Kemikali zimeisha. Simulesheni inatosha badala ya titresheni?

Hapana, Madam. Mtihani wa vitendo unataka mkono uliozoea bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika. Simulesheni ya kipimo cha pH itumie kabla, wajue wanatafuta nini, ili kemikali kidogo utakazopata zisiishie kwenye kubahatisha. Kushika bureti na kusoma mlalo wa kimiminika wanaweza kujifunza kwa maji matupu.

*Mwalimu mpya, Magu:* Nina kompyuta moja ndogo, wanafunzi sabini, projekta hakuna.

Usiwaonyeshe wote kwa pamoja, hawataona. Andika swali ubaoni, kila mmoja aandike utabiri wake kwenye daftari na asiufute. Kisha waje kumi kumi kwenye kompyuta huku wengine wakifanya maswali ya NECTA. Mimi hunichukua vipindi viwili, na sijawahi kuvijutia.

*Yuleyule:* Na Kiingereza? Kidato cha Kwanza wanakwama kwenye maneno tu.

Simulesheni kadhaa za PhET zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Anza na hiyo, wakishaelewa wape ya Kiingereza ileile, maana mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Ninazo zote mbili za sakiti. Jumamosi nikivuka njoo na flashi, ila iskani virusi kwanza.