Namna ya Kupima Eneo la Fomu za Zege: Kitako, Nguzo, Boriti, Slabu na Ngazi

Fomu, ambayo mafundi wengine huiita boksi, ni ukungu wa mbao, plaiwudi au chuma unaoshikilia zege bichi mpaka ligande na kuweza kujibeba lenyewe. Hupimwa kwa mita za mraba za uso wa zege unaogusana na ukungu huo, na kwa sababu hiyo mirunda, misumari na mbao za kukazia hazipimwi peke yake, bali gharama yake huingizwa katika bei ya kila mita ya mraba.

Hatua ya kwanza: ainisha nyuso kabla ya kushika kikokotoo. Kwa kila uso wa kiungo kilichochorwa, jiulize ni kitu gani kitakachozuia zege lisimwagike upande huo. Ikiwa ni udongo au zege lililokwisha kuganda, hakuna fomu. Ikiwa ni uso wa juu ulio tambarare, hakuna fomu pia, kwa kuwa fundi ataulainisha kwa mwiko. Uso unaobaki ndio unaopimwa. Kitako cha nguzo chenye mita 1.20 kwa 1.20 na kimo cha mita 0.30, kwa mfano, kina pande nne tu za kupima, yaani 4 × 1.20 × 0.30, sawa na mita za mraba 1.44. Chini yake kuna zege jembamba la kusawazishia, na juu pako wazi.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Slabu ina mita 5.30 kwa 4.30 kutoka ukingo hadi ukingo, na unene wa mita 0.15. Imebebwa na boriti nne za pembezoni zenye upana wa mita 0.25 na kimo cha mita 0.45, unene wa slabu ukiwa ndani yake, na katika kila kona kuna nguzo ya mita 0.25 kwa 0.25. Kutoka juu ya sakafu mpaka chini ya boriti ni mita 2.70.

Hatua ya pili: nguzo. Zidisha mzingo kwa kimo, ukiishia chini ya boriti. Mzingo ni mita 1.00, hivyo nguzo nne zinatoa 1.00 × 2.70 × 4 = 10.80. Ukipandisha kipimo mpaka juu ya slabu, utakuwa umeongeza nyuso ambazo nyingine zimeungana na boriti na hazina fomu, na nyingine zitahesabiwa tena pamoja na ubavu wa nje wa boriti. Nguzo ya duara hupimwa vivyo hivyo kwa mzingo wake, lakini iandikwe katika kifungu chake, kwa kuwa fomu ya kupinda ina kazi na gharama tofauti.

Hatua ya tatu: boriti. Urefu wa wazi kati ya nguzo ni mita 4.80 kwa boriti mbili na mita 3.80 kwa mbili nyingine, jumla mita 17.20. Tumbo la boriti, yaani uso wake wa chini, ni 0.25 × 17.20 = 4.30. Ubavu wa ndani huishia chini ya slabu, hivyo kimo chake ni 0.45 kutoa 0.15, yaani mita 0.30, na eneo lake ni 0.30 × 17.20 = 5.16. Ubavu wa nje hupanda mpaka juu na kuzunguka jengo zima, vichwa vya nguzo vikiwemo: 19.20 × 0.45 = 8.64.

Hatua ya nne: tumbo la slabu, na hapa naomba msomaji atulie. Katika karatasi za vipimo nilizokagua, kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine ni kuchukua slabu yote, 5.30 × 4.30 = 22.79, kisha kuongeza matumbo ya boriti. Slabu ipimwe kati ya boriti tu: 4.80 × 3.80 = 18.24. Uhakiki wake ni mwepesi: jumlisha 18.24 ya slabu, 4.30 ya boriti na 0.25 ya vichwa vya nguzo nne, utapata 22.79 kamili. Hesabu isipofunga hivi, kuna uso uliorudiwa au uliosahauliwa. Jumla ya fomu zote kuanzia nguzo hadi slabu ni mita za mraba 47.14.

Hatua ya tano: ngazi. Tumbo la ngazi hupimwa kwa mshazari. Vidato 10 vyenye kimo cha mita 0.16 na kina cha mita 0.30 vinapanda mita 1.60 katika mita 3.00 za mlalo, na kwa kanuni ya Pythagoras mshazari ni mita 3.40. Kwa upana wa mita 1.20, tumbo ni 4.08, na nyuso za wima za vidato ni 10 × 0.16 × 1.20 = 1.92. Ubavu ulio wazi, ikiwa unene wa ngazi ni mita 0.15, ni 3.40 × 0.15 pamoja na pembetatu kumi zenye jumla ya 0.24, yaani 0.75.

Kuhusu matundu madogo na kingo nyembamba, fuata kanuni za upimaji zilizotajwa katika mkataba, kwa sababu hutofautiana.

Hatua ya mwisho ni kununua, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Karatasi ya plaiwudi ya mita 1.22 kwa 2.44 ina takriban mita za mraba 2.98, na slabu yetu ya 18.24 ukiigawa hivyo inadai karatasi 6 na kidogo. Zipange kwenye mchoro: safu tatu za karatasi mbili mbili zinafunika mita 3.66 kati ya 3.80, na pengo la mita 0.14 linabaki kwa urefu wote. Karatasi ya saba ndiyo itakayopasuliwa vipande viwili vya kuliziba.