Kutunza mmea wa mnasa-nzi nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Mnasa-nzi wa Venus, ambao wataalamu wa mimea huuita Dionaea muscipula, una asili yake katika eneo dogo la pwani la majimbo ya North Carolina na South Carolina nchini Marekani, hasa kwenye nyika za misonobari zinazouzunguka mji wa Wilmington. Udongo wa huko ni mchanga uliochanganyika na mabaki ya mimea ya kinamasi. Umelowa karibu mwaka mzima, una asidi, na umepungukiwa naitrojeni na fosforasi kiasi kwamba mimea mingi haiwezi kustawi humo. Mnasa-nzi huziba upungufu huo kwa majani yake, ambayo hukamata wadudu na kuwameng'enya. Karibu kila mmea wa aina hii unaofia mikononi mwa mkulima wa Kenya hufa kwa sababu umetunzwa kama sukuma wiki: umepewa samadi, udongo mwekundu wenye rutuba na maji ya bomba. Inayonusurika hapo hudhoofika baadaye kwa kukosa majira ya baridi, na jambo hilo litaelezwa kwa kirefu kwa sababu miongozo iliyoandikiwa nchi za mbali hailigusi kwa namna inayotufaa sisi tunaoishi kwenye ikweta.

Kwanza upate mmea halali. Ukinunua kutoka kwa mkulima wa hapa nchini, muulize ulikoanzia. Ukitaka kuagiza kutoka ng'ambo, iwe ni mmea au mbegu, omba kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea nchini, kabla ya kulipa chochote, na uhakikishe kwamba mzigo utakuja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mnasa-nzi umo pia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Usikubali mmea uliochimbwa porini. Wizi wa mimea hii umekuwa tatizo kubwa huko Marekani, hata North Carolina ikaufanya kuwa kosa kubwa la jinai mwaka 2014, na isitoshe mimea inayozalishwa katika vitalu huwa imara zaidi.

Maji

Hili ndilo jambo la kwanza kwa uzito. Mizizi ya mnasa-nzi haivumilii chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, na kipimo kinachokubalika na wakulima wengi ni miligramu zisizozidi 50 kwa kila lita. Maji ya visima virefu vya Nakuru yako mbali na kiwango hicho, kwa kuwa miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyajaza floridi na magadi. Ni floridi hiyohiyo inayoyapaka meno ya watoto wengi wa eneo hilo rangi ya kahawia. Maji ya bomba ya mjini hayafai kwa matumizi ya kila siku, na maji ya kunywa ya chupa nayo mara nyingi huwa na madini yaliyoongezwa kwa ajili ya ladha. Kuyachemsha maji hakusaidii. Mvuke huondoka na chumvi hubaki, kwa hiyo maji yaliyochemka huwa na chumvi nyingi zaidi kuliko yalivyokuwa.

Tumia maji ya mvua. Yanayotiririka kutoka kwenye paa la mabati yanafaa kabisa, mradi uache mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kuanza kukinga, na uyahifadhi katika jerikeni au tangi la plastiki. Tangi la saruji huyaongezea maji chokaa polepole, hivyo maji yaliyokaa humo miezi kadhaa si sawa tena na yale yaliyotoka angani. Wakazi wa Kisumu na Kakamega hawana shida kubwa, kwani mvua huwatembelea karibu kila mwezi, lakini wa Nakuru hawana budi kuweka akiba ya Januari na Februari. Akiba hiyo si kubwa. Jerikeni mbili za lita 20 zinatosha kuvusha chungu kimoja au viwili katika ukame wa miezi hiyo.

Mvua ikikosekana kabisa, maji yaliyotoneshwa (distilled water) yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya kuongeza katika betri za magari yanaweza kutumika. Hapa pana hatari inayostahili kutajwa waziwazi: kituo hichohicho huuza pia asidi ya betri, na wauzaji wengine huviita vyote viwili "maji ya betri". Soma maandishi ya kwenye chupa mwenyewe, wala usitegemee neno la mtu wa kaunta.

Namna ya kumwagilia ni rahisi. Kiweke chungu juu ya sahani pana, umimine maji ya kina cha sentimita moja hadi mbili katika sahani hiyo, na uongeze yanapokaribia kukauka. Udongo ubaki na unyevu wakati wote bila mmea kuzama.

Udongo na chungu

Mchanganyiko unaofaa ni piti, yaani udongo mwepesi wa kahawia unaotokana na sfagnamu, mimea midogo laini inayofyonza maji, iliyooza kwenye vinamasi, ukichanganywa kwa kiasi sawa na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au mchanga safi wa silika. Piti hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya vitalu na mashamba ya maua, ambao Naivasha na viunga vyake wanao wengi. Kabla ya kuinunua, hakikisha kwamba haijaongezwa mbolea wala chokaa, kwa sababu piti nyingi inayotayarishwa kwa ajili ya miche ya nyanya na kabichi huwa imeongezwa vyote viwili, na mfuko wa namna hiyo ni sumu kwa mmea huu. Makumbi ya nazi yaliyosagwa ni rahisi kupatikana zaidi, lakini mara nyingi hubeba chumvi ya pwani; yaloweke na kuyasuuza kwa maji ya mvua mara kadhaa, nayo hata hivyo hayaifikii piti kwa asidi. Mchanga wa kandokando ya Ziwa Nakuru au Bogoria usiuguse, kwa kuwa maziwa hayo ni ya magadi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano haufai pia, na mbolea za DAP na CAN zibaki kwa mahindi.

Chungu kiwe cha plastiki chenye matundu chini na kina cha sentimita 12 au zaidi, kwa kuwa mizizi huteremka. Vyungu vya udongo wa kuchoma vinavutia macho, ila hupitisha maji na kukusanya chumvi kwenye kuta zake.

Jua

Mmea huu hutaka jua kali la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kila siku, na kwa hiyo dirisha la sebuleni halitoshi. Kibaraza kinachotazama mashariki au ukingo wa roshani ni bora zaidi. Mmea uliotoka kivulini uuzoeshe jua hatua kwa hatua kwa muda wa wiki mbili, la sivyo majani yataungua. Ukipata mwanga wa kutosha, mitego ya aina nyingi hugeuka kuwa myekundu kwa ndani. Majani yakiwa marefu, membamba na yenye kulegea, mwanga haujatosha. Wanaoishi Kericho, Nandi Hills na sehemu za juu za Nakuru wauweke mahali ambapo wanaweza kuusogeza haraka chini ya paa, kwa sababu mvua ya mawe huirarua mitego yote kwa dakika chache.

Chakula

Kila upande wa mtego kwa kawaida una vinyweleo vitatu. Mdudu akivigusa mara mbili katika muda wa sekunde 20 hivi, mtego hufunga kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akiendelea kuhangaika humo ndani, kingo hujibana na majimaji ya kumeng'enya huanza kutoka. Baada ya siku tano hadi 12 hivi mtego hufunguka na kubakiza ganda tupu. Mtego mmoja hufanya kazi hiyo mara chache tu, kisha hunyauka. Kwa hiyo, watoto wanaouchokoza kwa kijiti ili waone ukifunga wanaupotezea nguvu bila faida, na wageni wakubwa, ambao kwa kweli ndio wasumbufu zaidi, waonyeshwe mara moja na iwatoshe.

Mmea uliowekwa nje hujitafutia. Usiulishe nyama, maziwa, ugali wala mabaki ya mezani, kwani vitu hivyo huoza na kuuozesha mtego. Ukiamua kuulisha, chagua nzi au buibui asiyezidi theluthi moja ya urefu wa mtego. Mdudu aliyekwisha kufa hatasukuma vinyweleo, hivyo itakubidi uuminyeminye mtego taratibu kwa vidole baada ya kufunga ili uanze kumeng'enya.

Wadudu wetu wa magharibi wana mambo yao. Vijidudu vya ziwa vinavyopaa kama moshi juu ya maji ya Kisumu ni vidogo mno. Huponyoka kati ya meno ya mtego kabla haujajibana. Charles Darwin, aliyeichunguza mimea hii na kuandika juu yake mwaka 1875, aliona kwamba mianya hiyo ina manufaa, kwa kuwa mmea hauna haja ya kupoteza siku nyingi kwa mlo usio na kitu. Kumbikumbi nao ni wakubwa kupita kiasi, na mwili unaobaki ukining'inia nje ya mtego huvutia ukungu. Hao tuachiwe sisi.

Usingizi wa baridi

Huko Wilmington mchana wa Juni huzidi saa 14 na wa Desemba hupungua hadi chini kidogo ya saa 10. Mmea husoma mabadiliko hayo pamoja na baridi, huacha kukua, na hulala kwa miezi mitatu au minne. Maseno, ambako ikweta inapita, mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, na usiku wa Kisumu ni wa joto. Mmea usiolala utaonekana mzuri kwa mwaka mmoja, pengine miwili, kisha utatoa mitego inayozidi kuwa midogo hadi utakapokufa. Mwenye nao hudhani ni ugonjwa.

Mjini Nakuru, usiku wa Juni hadi Agosti huweza kushuka hadi kufikia nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake, na mmea hupunguza kasi, ila mchana wenye joto huuamsha. Molo, Mau Narok na Timboroa kuna baridi ya kweli, hata barafu ya alfajiri; mwenye jamaa huko anaweza kumpelekea chungu kwa miezi mitatu na kumwomba akitunze nje. Kwa wengine wote, wakiwemo wa Nakuru mjini kwa maoni yangu, njia ya uhakika ni friji.

Chagua kipindi kimoja na ukifuate kila mwaka; Juni hadi mapema Septemba huendana na baridi yetu. Wiki mbili kabla ya hapo acha kulisha mmea, uupunguzie maji na uusogeze mahali penye ubaridi. Kisha ung'oe taratibu, uoshe mizizi kwa maji ya mvua, na ukate majani yote meusi pamoja na mitego mikubwa, ubakize tunguu jeupe na majani machache mafupi. Nyunyiza unga kidogo wa salfa dhidi ya ukungu, uliviringe tunguu kwa sfagnamu yenye unyevu ambayo umeikamua vizuri, kisha ulitie katika mkebe wa plastiki wenye kifuniko, hasa kwa kuwa mifuko ya kubebea haipo tena madukani tangu marufuku ya 2017. Uweke mkebe sehemu ya chini ya friji, kwenye nyuzi tatu hadi tano, kamwe si kwenye kigandishi. Ukague kila baada ya wiki mbili. Tunguu gumu na jeupe ni zima; lililolainika na kuwa kahawia limeoza, nawe ukate sehemu hiyo upesi. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa hakuna madhara, mradi mlango wa friji usifunguliwefunguliwe.

Baada ya wiki 10 hadi 12, panda tunguu katika piti mpya, uweke chungu kwenye kivuli chepesi kwa wiki moja, kisha juani. Ukiona majani machache ya nje yanakuwa meusi, usishtuke. Yakate tu; mradi majani mapya yanachipuka katikati, mmea uko salama.

Maua, vidukari na kugawanya

Muda si mrefu baada ya kuamka, mmea waweza kutoa shina refu la maua meupe. Likifika sentimita tano likate, isipokuwa unataka mbegu, kwa kuwa maua hula nguvu nyingi na mche wa mbegu huchukua miaka mitatu hadi mitano kukomaa. Majani machanga yakijikunja na kupinda, tafuta vidukari katikati ya mmea; chungu kizima kikizamishwa katika maji ya mvua kwa siku moja au mbili, vidukari hufa na mmea haudhuriki.

Mmea wenye afya huzaa matunguu mengine pembeni. Wakati wa kuyagawanya ni ule wa kutoka frijini, kabla hujapanda: tenganisha kwa mkono kila tunguu lenye mizizi yake, ulipande peke yake huku ncha yake ikiwa usawa wa udongo, na usililishe chochote hadi litoe mitego yake mipya.