Binti asiyerefuka: jinsi ya kufuatilia hali ya Turner

Kadi ya kliniki huishia mtoto akifika miaka 5. Baada ya hapo hakuna anayempima tena, na hapo ndipo wasichana wenye hali ya Turner hupotea machoni. Kwao kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za urithi zilizo ndani ya kila seli, ni moja badala ya mbili (huandikwa 45,X), au ya pili ina kipande kilichokosekana, au seli zimechanganyika, nyingine kamili na nyingine pungufu. Humpata msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500 hivi. Si laana ya ukoo wala kosa la mama alipokuwa mjamzito. Akili huwa nzima, ingawa hesabu na kusoma ramani humsumbua.

Anza kwa kumpima urefu nyumbani. Mvue viatu na ufumue nywele zilizofungwa utosini, maana fundo la nywele huongeza sentimita za uongo. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, kisha laza kitabu kigumu kichwani na uweke alama ukutani. Pima mara mbili, andika tarehe, rudia baada ya miezi 6. Aliyepita miaka 4 na bado hajabalehe, akirefuka chini ya sentimita 5 kwa mwaka, mpeleke hospitali. Mlinganishe pia na wazazi: urefu wa baba toa 13, jumlisha wa mama, gawa kwa 2. Baba 175 na mama 162, binti hutarajiwa kufika karibu 162.

Dalili nyingine ni viganja na miguu iliyovimba alipozaliwa, ngozi ya shingo iliyotanda hadi mabegani, nywele za kisogoni zinazoanzia chini, na masikio yanayougua kila mara. Ila wapo wasio na dalili yoyote zaidi ya ufupi. Matiti yasipoanza kuota kufikia miaka 13, usingoje.

Kipimo kinachothibitisha ni kariotaipu, yaani kuzihesabu na kuzikagua kromosomu za seli za damu. Damu iwekwe kwenye chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ile yenye kifuniko cha kijani. Sampuli nyingi huharibikia hapa: mhudumu huchukua chupa ya zambarau kwa mazoea, au huigandisha damu kwenye friza, na seli zinazotakiwa kuoteshwa maabara kwa siku 3 hivi zinafika zimekufa. Ifike maabara siku hiyohiyo au kesho yake. Omba zihesabiwe seli zisizopungua 30, kwa kuwa zikihesabiwa 5 tu, mchanganyiko mdogo hupita bila kuonekana. Kikionekana kipande cha kromosomu Y, ile ya kiume, muone daktari bingwa mapema: ovari zisizokomaa zinaweza kuota uvimbe, na kwa kawaida hushauriwa ziondolewe.

Majibu yakitoka, moyo ndio wa kwanza. Wapo ambao valvu (mlango) ya aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, ina vipande 2 badala ya 3, na wengine aota yenyewe imebanwa. Afanyiwe eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na presha ipimwe mkono wa kulia na mguuni. Ya mguu ikiwa chini kuliko ya mkono, shuku mbano huo. Kisha ultrasaundi ya figo, kipimo cha usikivu, na tezi ya thairoidi kila mwaka.

Homoni ya ukuaji hudungwa chini ya ngozi kila jioni, mikrogramu 45 hadi 50 kwa kilo moja ya uzito; mtoto wa kilo 20 hupata takribani miligramu 1. Huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda itupwe. Ni ghali, tusidanganyane, na faida hupungua kadiri inavyochelewa.

Estrojeni, homoni ya kike inayoleta balehe, huanza miaka 11 hadi 12, kwa sehemu kama ya kumi ya dozi ya mtu mzima, ikipandishwa polepole kwa miaka 2 hadi 3, ndipo projesteroni, homoni nyingine ya kike, iongezwe kulinda mji wa mimba. Kosa la kawaida ni kumpa binti vidonge vya uzazi wa mpango moja kwa moja ili “aone siku zake”. Dozi kubwa hufunga mifupa mapema, akabaki na urefu aliokuwa nao.

Akiwa mtu mzima, asipange ujauzito, hata wa yai la kupewa, kabla aota haijapigwa picha. Na maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo ni dharura ya saa hiyohiyo: huenda aota inachanika.