Umekosea dozi wodini: anzia hapa

Ilikuwa saa kumi alfajiri, zamu ya usiku, wauguzi wawili na watoto wachanga 14. Nilivuta mililita 1.5 za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, nikamsukumia mtoto taratibu kwenye kanula, nikatupa sindano kwenye sefti boksi. Niliporudi kufuta trei ndipo nikaisoma vizuri ampuli, ile chupa ndogo ya dawa: 80 mg kwa mililita 2. Hesabu yangu ilikuwa ya ile ndogo, 20 mg kwa mililita 2, ambayo stoo iliishiwa juzi yake. Mtoto wa kilo 3 aliyeandikiwa 15 mg alikuwa amepata 60.

Siku hizi nawasimamia wanafunzi wa mazoezi, na swali wanaloniuliza pembeni, si mbele ya wenzao, ni hili: "Sista, ukikosea unafanyaje?" Darasani wameambiwa watoe taarifa. Hakuna aliyewaambia waanze na nani.

Hatua ya 1: Mgonjwa kwanza

Kabla ya simu na kabla ya karatasi. Kama dawa bado inaingia, funga. Hesabu pumzi na mapigo, tazama rangi, andika saa hata kama ni kwenye kiganja. Ampuli usiitupe, iweke kwenye kidishi, itahitajika.

Dawa nyingine hazikupi muda. Mama mwenye kifafa cha mimba akizidishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, unaangalia palepale: pumzi chini ya 16 kwa dakika, goti lisiloruka ukiligonga, mkojo uliopungua. Kalisiamu glukoneti, dawa inayoizima magnesiamu, ilitakiwa iwe kwenye trei kabla hujaanza. Jentamaisini haina haraka hiyo. Inadhuru figo na masikio, na inadhuru kimyakimya. Mtoto wangu alikuwa amelala kama kawaida, mwenzangu yuko upande wa pili anabadilisha dripu. Hakuna aliyeona. Sitakudanganya kwamba wazo la kunyamaza halikunipitia.

Hatua ya 2: Mpigie daktari, mpe namba

"Dokta, kuna shida kidogo" haimsaidii mtu aliyeamshwa usingizini. Mimi nilisema: "Dokta, mtoto wa kitanda cha 6, siku 3, kilo 3. Nimempa jentamaisini 60 mg badala ya 15, kwenye mshipa, saa kumi na dakika kumi. Pumzi 48, mapigo 140, ananyonya."

Neno gumu pale ni "nimempa". Kiswahili chetu kina mlango wa uani kwa ajili ya hali kama hii: "dozi ilizidi", "dawa ilichanganyika", "mtoto alipewa". Kwenye ripoti za wodini nimesoma makosa mengi yaliyojitenda yenyewe. Sema nimempa. Daktari naye anakuuliza maswali sahihi, kwa sababu anajua anaongea na mtu aliyeshika sindano.

Maagizo yalikuwa mafupi: dozi inayofuata isitolewe, kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe asubuhi, nepi zipimwe uzito tujue mkojo, kunyonya kusipungue, masikio yapimwe baadaye.

Hatua ya 3: Andika, karatasi mbili

Andika mapema, kabla moyo haujaanza kukutungia utetezi. Kwenye faili la mgonjwa yanaingia matukio tu: dawa, kiasi kilichoagizwa, kiasi kilichotolewa, saa, hali ya mgonjwa, nani ameambiwa, ameagiza nini, sahihi yako. Stoo usiitaje humo. Uchovu usiutaje.

Hayo yana karatasi yake, ripoti ya tukio. Huko ndiko unakoeleza kwamba ampuli zilibadilika bila tangazo, kwamba wawili mlikuwa na watoto 14, kwamba boksi zote mbili zinakaa droo moja. Ukizichanganya, faili linasomeka kama barua ya kuomba msamaha na ripoti inabaki tupu.

Ukikosea maandishi, piga mstari mmoja, weka sahihi na saa. Wino mweupe usiuguse. Watu wanaogopa leseni, na kweli Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inalipatia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania mamlaka ya nidhamu. Lakini chati iliyofutwa ni kesi nyingine kabisa, na hiyo utakuwa umejitengenezea mwenyewe.

Hatua ya 4: Mama wa mtoto

Wapo wanaosema asiambiwe, atapata presha bure. Sikubaliani nao. Mwambie zamu ileile, pamoja na daktari, mkiwa mmekaa, mbali na masikio ya wodi nzima.

Nilimwambia, "Mama, alfajiri hii nimempa mtoto wako dawa zaidi ya alivyoandikiwa. Nisamehe. Tunachofanya sasa ni hiki." Akauliza, "Kwa hiyo atakuwa kiziwi?" Nikamjibu kwamba dozi moja mara nyingi haifiki huko, ila siwezi kumwapia, ndiyo maana atapimwa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema dawa za mtoto wake azitoe sista mwingine. Ilinichoma. Tukafanya alivyotaka.

Hatua ya 5: Inchaji

Huyu ni muuguzi kiongozi wa wodi. Mwambie wewe, kabla ya makabidhiano, asije akasikia kwenye korido. Anaweza kukufokea. Mwache amalize, kisha mkabidhi ripoti.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kinachoshikika

"Tuwe makini" si badiliko. Kreatinini ilirudi nzuri, na wiki ileile tulitenganisha droo, tukabandika hesabu ukutani: ampuli ya 80 mg, ongeza mililita 6 za maji ya chumvi, upate mililita 8 zenye 10 mg kila moja, kilo 3, vuta 1.5. Anayehakiki anapewa faili na ampuli bila kuonyeshwa jibu, akokotoe mwenyewe. Ukimwonyesha sindano na kumuuliza "ni sawa, eti?", atasema ni sawa.

Kisha fundisha wodini, nusu saa tu, kwa kosa lako mwenyewe na bila jina la mtoto. Orodha ya waliohudhuria na mada uliyofundisha viingie kwenye jalada lako la mafunzo endelevu. Na ile karatasi ya ukutani iwe na tarehe. Stoo ikileta ampuli ya aina nyingine, inabanduliwa siku hiyohiyo, kabla ya dozi ya kwanza.