Somo: Kujua kwamba unaota ukiwa bado ndotoni

Wengi wenu mmeshaipata hali hii bila kuitafuta: unakimbizwa, mara unajiambia, "Kumbe naota," na woga unapungua. Si uganga. Mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Alan Worsley alilala akiwa amebandikwa waya za vipimo, akampa mtafiti Keith Hearne ishara waliyoafikiana kabla, kwamba anajua anaota: kupeleka macho kushoto na kulia. Katika usingizi wa ndoto misuli hulegea karibu yote, ila macho hubaki huru.

Hatua ya 1. Weka daftari kando ya mto. Ukiamka usishike simu wala usijigeuze. Kumbuka kwanza ulikuwa wapi, na nani. Kisha andika. Baada ya wiki mbili niliona naota sana nyumba ya bibi, na kila mara mlango wa jikoni uko upande usio wake. Mlango ule ndio alama yangu.

Hatua ya 2. Mchana, bana pua, funga mdomo, uvute pumzi. Ukizoea, utajipima hivyo hata ndotoni, na huko pumzi hupita: ndipo utajua unaota. Lakini ukibana pua huku mawazo yako sokoni, umepoteza muda. Jiulize kwa dhati: nimefikaje hapa? Ndotoni hatuulizi, tunakubali tu. Na mchana ni vilevile: siku moja nilijipima nikiwa na hasira, nikagundua nimekuwa nikigombana na mtu ambaye hata hayupo, maneno yake yote nimemtungia mwenyewe. Kwangu hilo lina thamani kuliko kuruka angani usiku.

Hatua ya 3. Ndoto ndefu huja karibu na asubuhi. Amka baada ya saa tano hivi za usingizi, soma daftari, rudi kulala ukinuia: "Nikiota tena, nitajua naota." Kunuia huku ndiko alikofundisha Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Anayeamka kula daku ana nafasi nzuri.

Hatua ya 4. Ukishajua, tulia. Furaha ikizidi utaamka. Humo ndotoni, sugua viganja, gusa ukuta.

Maswali

*Mwalimu, nilijaribu hatua ya 3, nikashindwa kusogeza hata kidole, kitu kimenikalia kifuani.*

Pole sana, dada. Ndilo jinamizi. Akili imetangulia kuamka, mwili bado umelegezwa na usingizi. Usipambane nalo, pumua polepole, jaribu kuchezesha kidole cha mguu. Huisha lenyewe. Usilale chali, na hatua ya 3 iache kwa sasa.

*Mwezi mzima sijapata kitu.*

Daftari lina ndoto ngapi? Kama ni mbili tatu, rudi hatua ya 1, kaa hapo.

*Mdogo wangu husikia sauti, yuko kwenye matibabu. Nimfundishe?*

Hapana, ndugu yangu. Yeye anahitaji usingizi wa kutosha usiokatizwa, na mpaka kati ya ndoto na kuwa macho usichezewe. Muulizeni kwanza daktari wake.