Somo: Jinsi ya Kulinganisha Ubora na Bei ya Nakala za Vitara vya Wapanda Farasi

Naandika somo hili ili nisilazimike tena kujibu swali linaloulizwa humu jukwaani kila mara, yaani iwapo kitara (upanga uliopinda wa askari wa farasi) cha dola 60 na kile cha dola 350 vinatofautiana kwa lolote zaidi ya jina la muuzaji. Vinatofautiana, na karibu tofauti yote imejificha mahali ambapo picha za tangazo hazifiki. Atakayeuliza jambo lililokwisha kuelezwa hapa ataelekezwa kwenye namba ya hatua, basi.

Hatua ya 1. Amua kwanza kitara ni cha kutundika ukutani, cha kuvaa kwenye gwaride na maigizo ya vita vya kale, au cha kukatia majani na mikeka iliyolowekwa. Cha kupigana na mwenzako mazoezini ni kifaa kingine kabisa, chenye makali butu na ncha ya mviringo, nacho hakimo katika somo hili.

Hatua ya 2. Linganisha vitara vya modeli moja tu. Modeli ya Uingereza ya 1796 ya wapanda farasi wepesi, iliyobuniwa na John Gaspard Le Marchant akishirikiana na Henry Osborn wa Birmingham, ina bapa pana lililopinda sana, lenye urefu wa karibu sentimita 83, na kinga yake ya mkono ni chuma kimoja chembamba. Modeli ya Marekani ya 1840 ilifuata mfano wa Kifaransa, nayo ni nzito kiasi kwamba askari waliibandika jina la mvunja kifundo cha mkono. Ile ya 1860 ni nyembamba zaidi, ina kinga ya shaba ya manjano yenye matawi matatu, nayo hunakiliwa kwa wingi huko Marekani. Ukisema cha 1796 ni ghali kuliko cha 1860 hujalinganisha chochote.

Hatua ya 3. Uliza aina ya chuma. Namba kama 1055 au 1065 ni chuma cha kaboni, na tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha kiasi cha kaboni, yaani takriban asilimia 0.55 au 0.65. Chuma kisichoshika kutu cha 420 au 440 kinafaa kwa visu vifupi. Kwenye bapa refu namna hii ni pambo, kwa sababu huelekea kuvunjika kinapopigwa kwa nguvu. Muuzaji asiyetaja namba yoyote mhesabu kuwa anauza pambo.

Hatua ya 4. Pima unene wa bapa kwenye mgongo wake katika sehemu tatu: karibu na kinga, katikati, na kiganja kimoja kabla ya ncha. Kitara halisi cha karne ya 19 huanza kwa unene wa milimita 8 au zaidi, kisha hupungua taratibu hadi milimita 2 au 3 karibu na ncha. Nakala ya bei ndogo hukatwa kwenye bamba la milimita 4 au 5 na kubaki hivyo hivyo hadi mwisho, kwa hiyo uzito wote hukimbilia mbele na mkono huchoka mapema, hata kama mizani inasoma kilo 1 sawasawa na cha asili. Kuupunguza unene huo ni kazi ya saa nyingi za kufua na kusaga, na hapo ndipo sehemu kubwa ya nyongeza ya bei inapokwenda. Muuzaji makini atakutumia vipimo vitatu bila kunung'unika. Akikupa uzito peke yake, mwombe tena.

Hatua ya 5. Hapa someni polepole. Ndani ya mpini kuna sehemu ya bapa iliyofichwa, ambayo nitaiita mkia, na usalama wa mtumiaji na wa aliyesimama mbele yake umo humo. Mkia mzuri ni mpana, ni chuma kilekile cha bapa bila kiungo, pembe zake zinapokutana na bapa zimeviringwa badala ya kukatwa mraba, na mwisho wake umepenya kofia ya mpini kisha ukagongwa nyundo hadi ukatandaa. Mkia mbaya ni kijiti chembamba chenye nyuzi za skrubu, kilichochomelewa kwenye bapa na kukazwa kwa nati. Hatua hii niliipuuza mara moja: bapa lilichomoka hewani likajikita katika ubao wa banda, na nilipovua mpini nikaona doa la uchomeleaji lisilozidi ukubwa wa punje ya mahindi, nusu yake ikiwa nyeusi kwa kutu ya zamani. Kwa hiyo zingatieni yafuatayo. Maneno "mkia kamili" katika tangazo si ushahidi. Ombeni picha ya juu ya kofia ya mpini, ambapo mkia uliogongwa huacha alama ndogo ya duara isiyo laini. Nati yenyewe si kosa, kwani nakala nyingine nzuri huitumia ili mpini uweze kukazwa upya, mradi chini yake mkia ni mpana na hauna kiungo. Kitara kikifika, gonga mgongo wa bapa kwa kiganja ukisikiliza mpini. Ukicheza au kulia kama sarafu ndani ya kopo, usikizungushe hata mara moja. Tena, msikijaribu kwa kupiga mti.

Hatua ya 6. Igeuze ala mdomo chini: kitara kisianguke, lakini pia kisihitaji kuvutwa kwa mikono miwili.

Hatua ya 7. Linganisha bei ya jumla, si ya tangazo. Jumlisha usafiri, ushuru, na gharama ya kunoa kama duka hulitoza kando. Kumbuka pia kwamba nakala nyingi hutoka kwenye karakana za India, hasa upande wa Dehradun, na kitara kilekile huweza kuuzwa na maduka matatu kwa bei tatu; tazama kasoro za shaba kwenye kinga, kwa maana kalibu moja huacha kasoro zilezile. Kwa makadirio ya jumla, chini ya dola 100 unanunua pambo, kati ya 150 na 250 unapata cha gwaride, na unene unaopungua ipasavyo huanza kuonekana kuanzia 300 hivi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nairobi: Mkuu, kwa kifupi, kipi kizuri na bei rahisi?

Jibu: Hatua ya 1. Hujasema ni cha kazi gani.

Mwanachama, Doha: Nimeona cha dola 45, kinang'aa kuliko hivyo vyenu vya 300. Naona mnalipia jina tu.

Jibu: Kung'aa ni kazi ya mashine ya kusugulia. Chuma namba ngapi, na unene katika sehemu tatu ni upi? Ukishapata majibu hayo rudi tuzungumze.

Mwanachama, Birmingham: Shikamoo mwalimu. Naomba kuelewa kwa nini wahunzi wa zamani waliweka unene mwingi karibu na mkono, wakati kinachokata ni sehemu ya mbele. Pili, je, huku Uingereza naruhusiwa kununua?

Jibu: Marahaba, dada, na asante kwa kusoma hadi mwisho. Sehemu iliyo karibu na mkono ndiyo inayopokea pigo la adui na kubeba mtikisiko, kwa hiyo huhitaji ugumu. Ya mbele huhitaji wembamba ili ipenye bila kukwama, na kwenye modeli ya 1796 upana wake karibu na ncha hufidia unene uliopungua, ndiyo maana hukata vizuri bila kuwa rungu. Kuhusu sheria, tangu 2008 panga zenye bapa lililopinda la sentimita 50 au zaidi zimezuiwa kuuzwa huko, lakini kuna misamaha, ikiwemo ya panga zilizotengenezwa kwa mbinu za jadi za mikono na ya maigizo ya kihistoria. Jiunge kwanza na kikundi, kisha mwulize muuzaji anategemea msamaha upi, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Mwanachama, Texas: Nimejiunga na kikundi kinachoigiza Kikosi cha 10 cha wapanda farasi cha jeshi la Marekani, kile cha askari weusi. Wenzangu wawili wana modeli ya 1840. Nifuate hao?

Jibu: Hapana, ndugu, chukua ya 1860. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1866, baada ya modeli hiyo kuenea jeshini. Hata hivyo waulize wakuu wa kikundi mtakivaa lini, kwa sababu katika vita vya nyanda za magharibi vitara mara nyingi viliachwa kambini. Hata kikosi cha Custer, afisa wa jeshi la Marekani, kiliviacha nyuma mwaka 1876 kabla ya pigano la Little Bighorn. Huenda fedha zako zikafaa zaidi kwenye tandiko.

Mwanachama, Mombasa: Cha kwangu kimeanza vidoa vya kutu, na nakihifadhi ndani ya ala muda wote.

Jibu: Hewa ya pwani ina chumvi, na ala hufungia unyevu ndani. Kitoe, kipanguse, kipake mafuta, kilale nje ya ala.

Mwanachama, Tanga: Mafuta ya cherehani yanatosha, natumia hayo. Na kinga ya shaba naisugua kwa ndimu na majivu.

Jibu: Mafuta ya cherehani ni sahihi. Ndimu isiguse bapa, maana italila chuma, na baada ya kusugua suuza na ukaushe kabisa. Kama kitara ni cha kale na si nakala, shaba usiisugue. Rangi yake ya uzee ni sehemu ya thamani.

Mwanachama, Nairobi: Nimerudi. Ni cha ukutani.

Jibu: Vizuri. Basi pambo la chini ya dola 100 linakutosha, na hatua ya 4 iache. Ya 5 usiiache kama nyumbani kuna watoto wanaoweza kukishusha.

Mwanachama, Muscat: Nimepewa bei ya cha asili cha 1860 chenye muhuri wa Ames, dola 400. Si afadhali hicho kuliko nakala ya 350?

Jibu: Huenda, kama ni cha asili kweli. Kiwanda cha Ames cha Chicopee, Massachusetts, kilitengeneza vingi, na cha kawaida kisicho na historia ya mwenyewe hakipiti nakala nzuri kwa mbali. Ila mihuri huigwa na kutu hupakwa kwa tindikali, hivyo rudi hatua ya 4: kalipa (kifaa cha kupimia unene) ikikuonyesha milimita 5 mwanzo hadi mwisho, muhuri huo ni wa juzi. Kikithibitika, kiweke kabatini na ununue nakala ya kukatia majani.